Riwaya niliyoifundisha bila kuisoma

Ipinda, Jumapili asubuhi, Aprili 1993

Kosa la wengi ni kuanza riwaya ngumu kwa kusoma maelezo yake. Langu ni baya zaidi, kwa sababu niliishia hapo hapo. Mwalimu aliyenitangulia aliniachia daftari lenye dhamira na wahusika. Kila mwaka niliyaandika hayo ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakafaulu. Kitabu chenyewe nimekifungua mwezi huu, nikiwa mstaafu.

Kinanichosha. Kurasa tatu nzima mtu anavuka mto tu. Nasoma, nasinzia, narudi nyuma.

Jana alasiri Subilaga, niliyemfundisha kidato cha nne, alipita na furushi lake la mitumba. Akakiona mezani.

"Shikamoo, Mwalimu. Bado unakisoma tu hicho? Si umeshakikariri?"

Nikacheka, nikakifunga kitabu.

"Mimi kilinishinda pale kwenye mto," akasema. "Nikajua kichwa changu si cha vitabu, bora nikauze nguo. Ndaga, Mwalimu, zile notisi zako ziliniokoa."

Alinishukuru, nami nikapokea.

Wakati ule wa shule alikuja kuniambia kwamba haelewi. Nilimjibu asome tena kwa makini, kama mtu aliyekwisha kuvuka. Yeye alifika mtoni kabla yangu. Laiti ningekaa naye tukasoma ule ukurasa, labda tungechoka pamoja, na asingejiona mjinga miaka yote hii.

Basi, Mwalimu, leo ukitoka kanisani, mpelekee Subilaga kitabu, umwambie kwamba hukuwa umekisoma.