Baba, Zile Barua Zako Mbili Tumezisoma Pamoja

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeitikia, maana hata ulipozidiwa hukuacha salamu ya mtu ining'inie hewani. Nakuandikia nikiwa Rwamgasa, kibarazani kwako, na habari ya kwanza ni kwamba wanao hawajachinjana. Pumua, Baba. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza napumua tangu tukuzike.

Unaikumbuka ile mada yako ya historia, kidato cha tatu? Ulikuwa unaingia darasani huna hata daftari, unachora Bara Arabu ubaoni kwa kipande cha chaki. Huku Makka, kwa Sharifu. Huku Najdi, kwa amiri ambaye yeye na huyo Sharifu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Juu yao Mturuki na dola lake. Halafu Mwingereza, yuko vitani na Mturuki, anawahitaji Waarabu wote. Mwingereza wa Kairo anamwandikia Sharifu: inuka, tukishinda nchi za Waarabu zitakuwa chini yako. Mwingereza wa India naye anakwenda kwa amiri na mkataba: nchi yako tunaitambua, bunduki hizi hapa, mipaka tutaizungumza baadaye. "Mipaka baadaye!" ulikuwa unapaza sauti mpaka darasa la jirani wanachungulia. "Pigieni mstari hapo!"

Siku ile ukanisimamisha mimi. "Nyamizi, Mwingereza alidanganya?" Nikajibu, hakudanganya, mwalimu, aliandika barua mbili tu. Darasa zima likaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ukasahau kwamba tuko shuleni, ukaniita mama kwa Kisukuma, kama nyumbani: "Mayu, Mturuki aliondoka. Wale wawili wakabaki na ahadi zao mkononi, wakapigana, na Sharifu akaikimbia nchi yake." Swali hilo nililipata kwenye mtihani. Sikujua kwamba mwalimu mwenyewe ndiye atakayelifeli.

Maana wewe nawe, Baba! Yule bwana mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu alipochomeka nguzo zake kwenye shamba letu la bondeni, eti ulimuuzia, ulikuwa umelazwa Shinyanga, hata kukaa huwezi. Ulimhitaji kaka Masanja, kwa kuwa anaheshimika hapa kijijini na majirani wangekubali kumtolea ushahidi. Ulimhitaji na kaka Mabula, aje na wenzake wa bodaboda kutoka Bulyanhulu walilinde shamba lisichimbwe. Na hao wawili, kila mmoja na mama yake, walikuwa hawajasalimiana tangu harusi ya Mabula. Ukanipa bahasha mbili, umezifunga kwa gundi. "Kila mmoja mpe ya kwake, usiseme kitu." Nikapanda basi nikazipeleka, na moyoni nafurahi kabisa kwamba mzee anawapatanisha wanawe.

Wakaja wote wawili. Majirani wakasema walichokijua, vijana wakalinda, baraza la ardhi la kata likaamua shamba ni letu, na yule bwana akang'oa nguzo zake. Wiki iliyofuata ukatutoka.

Tulipomaliza matanga, Masanja akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, shamba la bondeni Baba aliniachia mimi. Nina barua." Sijakaa sawa, Mabula naye akanifuata jikoni: "Nyamizi, lile shamba ni langu, nina maandishi ya Baba." Jamani! Nisikufiche, Baba, nilikukasirikia, na kaburi lako udongo bado mbichi. Akilini nilishawaona ndugu zangu wakikatana mapanga kwa ajili ya ule mwandiko wako mzuri.

Asubuhi yake, kabla ukoo haujakaa kikao, nikawaita wote uani. Nikawaambia watoe barua, wabadilishane, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti. Masanja akasoma: "Mwanangu Mabula, simama nami, na chote kilicho chini ya barabara mpaka mtoni ni chako." Mabula akasoma: "Mwanangu Masanja, simama nami, na chote kuanzia mtoni mpaka barabarani ni chako." Na chini, zote mbili: "Mipaka tutaizungumza nikipona."

Mabula midomo inamtetemeka, na mimi nimeshasogea karibu yake nimzuie. Masanja akakohoa. "Mabula, wewe Baba alikufundisha wale Waarabu?"

"Alinipa sifuri kwenye hao Waarabu."

Weee! Walicheka mpaka wakashikana mabega, na kicheko kikageuka kilio cha kweli, kile ambacho hata siku ya mazishi hawakukitoa. Mabula akasema, "Kaka, mzee alikuwa anaogopa." Kaka! Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake miaka na miaka. Hapo hasira yangu yote ikaniishia. Uliogopa kufa shamba limekwenda na wanao wametawanyika, ukashika kalamu, kwa kuwa kalamu ndiyo uliyoiweza. Nimekusamehe, Baba. Nimelala usingizi siku tatu hizi kama mtoto aliyeshiba.

Shamba hawakuligawa. Jana tulikwenda ofisi ya kijiji liandikwe upya, mimi nikiwa nimewasindikiza tu. Mtendaji akauliza majina. Masanja akataja lake na la Mabula, kisha akanitazama. "Ongeza na Nyamizi."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Huyu si ataolewa aende kwa watu?"

"Andika," Mabula akamwambia.

Akaandika. Nilitoka nje nikalia peke yangu, kwa raha, Baba, raha ambayo sijui nikuelezeje. Maana zile barua zako zote mbili nimezisoma tena na tena, na jina langu halimo hata mara moja.

Pumzika sasa. Wanao wapo.

Ni mimi binti yako,
mwenye shamba.