Mchoraji Aliyefungiwa Ras Al Khor

International City, Dubai

Dada yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limempoa kidogo tangu mvua zikatike. Mimi mwili hauna ugonjwa. Moyo ndio hautulii, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono badala ya kukutumia ujumbe. Simu zetu zilikusanywa juzi kazini, wakasema ni ukaguzi, na yangu haijarudi. Barua hii anakuletea Salma, yule wa Kisauni anayefanya kazi hotelini. Anasafiri kesho alasiri.

Nilikwambia kuwa nalinda lango la karakana moja huko Ras Al Khor inayotengeneza mapambo ya mikahawa. Sikukwambia habari za Kaka Lahnu. Ni mzee wa Kihindi, mtu wa kabila la Wawarli, kutoka milima ya kaskazini mwa Mumbai. Wenzake walimwita Kaka, ambayo kwao ni baba mdogo. Nami nikamwita Kaka kwa Kiswahili chetu, akacheka sana alipojua maana yake. Tuliongea kwa Kihindi changu cha kuokoteza.

Wewe unayewachora maharusi hina na piko ungempenda mtu huyu. Alikuwa akisaga mchele, anauchanganya na maji na gundi, halafu anatafuna ncha ya kijiti cha mwanzi mpaka inalainika kama mswaki. Hiyo ndiyo kalamu yake. Anachora kwa weupe juu ya wekundu wa udongo. Mtu kwake ni pembetatu mbili zilizogusana ncha, na duara la kichwa, basi. Lakini ukiwatazama wanakwenda: wanavuna, wanateka maji, wanacheza wakimzunguka mpiga zumari. Siku moja alichora mtu mwenye kofia amekaa langoni. "Huyu ni wewe," akaniambia. "Umelala."

Mambo yaliharibika ilipoingia kazi ya mkahawa mmoja mkubwa. Walitaka mraba wa harusi. Kwao mraba huo huchorwa na wanawake walioolewa, kwenye ukuta wa nyumba ya harusi, na katikati hukaa mungu wao wa kike. Bila mchoro huo hakuna ndoa. Kaka alimwambia sir, msimamizi wetu, kuwa atachora chochote ila si huo. Pale hakuna anayeoa, watu watakuwa wanakula kuku.

"Nani atajua?" sir akamuuliza.

"Mimi," akasema Kaka.

Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya sir. Baada ya siku mbili akauanza mraba, lakini katikati akapaacha patupu. Sir alipoona hakupiga kelele. Alitabasamu, akamgusa bega, na tabasamu lile lilinitisha kuliko matusi. Kesho yake mchele ukatupwa. Zikaletwa rangi za kupuliza na madebe ya dawa ya kuyeyushia rangi, na madirisha yakazibwa kwa nailoni ili vumbi lisishike kwenye mbao za mchoro. Kisha nikapewa kufuli.

"Funga kwa nje," sir akaniambia. "Nikikwambia fungua, ndipo ufungue. Yalla, haraka."

Nilifunga, Dada. Ndani walikuwa Kaka na seremala mmoja wa Nepal. Siku ya kwanza Kaka alitoka akijishikilia ukutani. Ya pili alitapika. Ya tatu alinishika mkono akasema, "Ndugu, taa zina ukungu." Taa hazikuwa na ukungu wowote. Nilimweleza sir, akasema wazee ni wavivu.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, nilikuwa nakula. Nikasikia mlango unagongwa. Nilijiambia ni nyundo ya seremala. Lakini nyundo naijua, na ile haikuwa nyundo. Niliogopa kufungua bila amri, nikaendelea kula. Kisha kugonga kukakoma, na ukimya ule ndio ulioninyanyua.

Nilifungua kufuli, lakini mlango ulikuwa mzito kwa sababu seremala alikuwa ameuangukia kwa ndani. Nikausukuma kwa bega. Harufu ilinichoma macho. Kaka alikuwa mbali, chini ya mbao, uso sakafuni. Niliwaburuta mmoja mmoja mpaka nje juani. Sir akaja mbio.

"Usipige simu! Gari la kampuni linakuja."

Nikangoja. Midomo ya Kaka ikaanza kubadilika rangi, na gari halikuja. Nikaita ambulensi. Sir alinitazama kama mtu anayekariri uso wangu.

Wako hai, alhamdulillahi. Seremala amerudishwa kwao haraka, hata kuaga hakuaga. Kaka bado yuko hospitalini. Ananiona kama kivuli, na daktari hasemi kama macho yatarudi. Nilimwambia ukweli, kwamba nilisikia mlango ukigongwa. Akauliza kama mraba ulikamilika. Nikamjibu kuwa wameleta mtu mwingine, amejaza katikati kwa kunakili picha. Akanigeuzia mgongo.

Sasa sir ameleta karatasi tuitie saini, kwamba mlango ule haukufungwa hata siku moja. Moses, Mganda tunayepokezana naye lango, ameshatia. "Ndugu yangu, mimi nina watoto," aliniambia huku anatazama viatu vyake. Leo asubuhi nimekuta komeo la mlango ule limeng'olewa, matundu ya skrubu yamezibwa na kupakwa rangi, kama kwamba halikuwahi kuwepo. Na tangu mchana kuna gari limesimama chini ya jengo letu, mtu ndani, injini inanguruma.

Ufunguo wa kufuli lile umo ndani ya bahasha hii. Uhifadhi, usimwonyeshe mtu.

Mama msomee salamu tu, haya mengine yaruke. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi aliyenilea, na mwalimu wangu wa madrasa, mwambie aniombee dua kwa jina langu.

Kesho alasiri naitwa ofisini, na sitatia saini. Mtu akikupigia kusema nimetoroka kazini, sikutoroka. Akisema nimeiba, sikuiba.

Mdogo wako akupendaye,
Athumani