Mashine Iliyogoma Kuzama Beni

Prof,

Nakuandikia kutoka mtaa wa Bungulu, hapa Beni, nyumbani kwa shangazi yangu, Tantine Masika, na nina hasira. Ungekuwa hai ungesema, "Kahindo, salimia watu kwanza." Haya, habari za huko?

Barua ya chuo chako cha zamani ilifika wiki mbili baada ya kukuzika. Wamenikubali! Nafasi kwenye meli yao ya utafiti, miezi mitatu baharini, nijifunze kuendesha mashine zinazoshuka kupiga picha sakafu ya bahari. Meli ilipangiwa kuondoka Mombasa Jumamosi hii. Walitaka nije na mashine yetu ndogo, ile ya mabomba ya plastiki na mota za wiper za gari. Nililia jikoni mpaka mama akadhani kuna mwingine amekufa.

Unakumbuka tulivyoijaribu kwenye bwawa la samaki la mjomba, kule Kalunguta? Wiki nzima tuliongeza vipande vya chuma mpaka ikatulia katikati ya maji, haishuki, haipandi. Tukacheza pale ukingoni. Kisha ukaugua, dawa zikakwama barabarani, na siku moja kitandani ukashika kichwa: "Lakini Kahindo, chumvi! Tulisahau chumvi!" Maji ya bahari ni mazito, huko mashine yetu ingeelea tu. Wewe, mtoto wa Moanda, uliyekua ukisikia mawimbi! Tulicheka mpaka ukakohoa. Vita vilikuwa vimekufungia kwetu miaka minne, kwenu kukiwa upande wa pili wa nchi, na bahari ilikuwa imeanza kukutoka kichwani.

Sasa ni zamu yangu kufungiwa. Nilitoka Butembo kuelekea Mombasa, na kwenye kizuizi cha Beni askari walifungua sanduku wakaona nyaya. "Hii ni bombe!" Komanda wao akaagiza pipa la maji, niwaonyeshe. Hapo ndipo nilipokosea, Prof. Ningeiacha izame wangenicheka na kunipitisha. Lakini ulinifundisha vizuri mno, nami napenda sifa. Niliishusha, nikaizungusha, nikaipandisha. Wakapiga makofi. Komanda akatia karatasi yangu ya safari mfukoni mwake. Tangu hapo kila asubuhi naripoti bureau, ofisini kwake, naichezesha mbele ya wageni wake.

Juzi nilichukua chumvi ya Tantine, anayoiuza soko la Beu, nikaimwaga ndani ya pipa na kuikoroga kabla wageni hawajafika. Mashine ikaelea, ikagoma kabisa kushuka. Niliinamisha kichwa kwa huzuni ya uongo, nikingoja Komanda anifukuze.

"Imekufa? Haina shida. Utabakia hapa mpaka utaitengeneza."

Leo ni Jumamosi. Saa hizi kule Mombasa wanafungua kamba za meli, na mimi niko hapa na bisibisi mkononi. Nimechoka, Prof. Siwaogopi askari sana. Naogopa kuzoea.

Kwa hiyo nakuaga. Jumatatu lori la maharage linakwenda Kasindi, mpakani, na dereva ni shemeji ya Tantine. Nitalala kati ya magunia. Mashine namwachia Komanda, aitengeneze mwenyewe. Meli nyingine, kama ipo, itanikuta pwani.

Pumzika, mwalimu wangu. Siku ya Marehemu, wenzangu wakija Butembo kupalilia makaburi, usinitafute kati yao. Ukiniona nimeshika jembe juu ya kaburi lako, ujue nimeshindwa.

Kahindo wako