Mama Rasimu wa Chumba cha Juu ya Maktaba

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumanne ile asubuhi ulipotutoka hospitalini, Baba akiwa ameketi upande wa dirishani.

Kwa miaka kumi na tisa uliongoza kituo cha uandishi cha chuo: chumba kimoja juu ya maktaba, meza nne, viti visivyofanana, na mlango wa kusukuma kwa bega. Wanafunzi walikuletea insha, ripoti za maabara, barua za kuomba kazi. Hukumwandikia mtu hata sentensi moja. Ulimwambia asome kwa sauti, nawe ukasikiliza, mikono mapajani. Akijikwaa, ulisema tu, "Hebu rudia hapo." Wengi walijirekebisha wenyewe, wakaondoka wakidhani hukufanya lolote. Hilo lilikufurahisha sana.

Walikuita Mama Rasimu, maana hukukubali kazi iliyoandikwa mara moja, wala hukuruhusu rasimu ya zamani itupwe.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Uliunguza sufuria tatu ukisahihisha. Baba alijifunza kupika kwa kukosa budi. Na ujumbe wako wa simu, hata wa kuagiza chumvi, ulikuwa na nukta na mkato mahali pake.

Kuna kisa hukupenda tukisimulie, lakini leo huwezi kutukataza. Mwanafunzi wa uuguzi, mama wa watoto wawili aliyerudi shule ukubwani, alishtakiwa kwamba tasnifu yake ameandikiwa. Mwaka wa kwanza alifeli insha. Iweje sasa aandike vizuri hivi, waliuliza. Kamati ya chuo ilikuwa tayari kumfukuza. Ulikwenda na bahasha yenye rasimu zake kumi na moja, kila moja na tarehe yake.

"Hata hizi huenda aliandikiwa," mwenyekiti akasema.

"Basi mpeni karatasi aandike hapa hapa," ukajibu. "Mimi sina haraka."

Mlimsubiri saa nzima. Aliandika kurasa mbili juu ya mgonjwa wa kwanza kufia mikononi mwake. Mwenyekiti alizisoma, akavua miwani, akamwambia mwanafunzi, "Mama, endelea na masomo yako." Alihitimu mwaka uleule.

Kitinda mimba wako hakuwahi kukuonyesha maandishi yake. Alikuogopa, mwenyewe ameturuhusu tuseme. Siku tano kabla hujaondoka alikuja wodini na barua ya kuomba kazi. Kalamu ilikuwa imeshakushinda kushika, kwa hiyo alikusomea. Ulimsikiliza hadi mwisho.

"Kwani mwanangu, wewe hasa unataka kusema nini?"

Akakueleza, kwa kigugumizi, kwa nini anaitaka kazi ile.

"Sasa hayo ndiyo uyaandike. Haya mengine umeyatoa wapi?"

Mkacheka wote wawili, wewe ukakohoa. Akaandika upya pale pale, karatasi ikiwa juu ya godoro lako, akakusomea tena. Ukatikisa kichwa kukubali, ukalala.

Kazi ile hakuipata. Barua anayo.

Unakumbukwa na mumeo. Wanao watatu na wakwe zako. Wajukuu zako wanne. Dada yako, ambaye bado anabishana nawe. Shemeji zako wote. Na wenzako wa kituo cha uandishi.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.