Maji ya Mubanga

Mujukuu wangu Mado,

Huku ku mutaa wetu wa Kenya tuko bazima, na baba yako anakusalimia. Unasoma mambo ya dawa, ndiyo maana unaniuliza kama kweli niliamini kwamba muti wenye kutolewa dawa ukikauka, mugonjwa naye anakufa.

Wakati wa Zaire nilikuwa natumika kwa profesa mumoja wa miti ya dawa. Nilikuwa nakausha majani ndani ya magazeti. Baba yako, angali mutoto, akaugua tumbo sana. Mama mukubwa, mwenye kujua dawa, akatupeleka na profesa ku pori, upande wa Kinsevere. Akakata muzizi moja ya kamubanga kadogo, muti wa dawa ya tumbo, akafukia shimo vizuri. Profesa akataka kukang'oa kote, akachunguze.

Mama mukubwa akamukataza: «Apana, citoyen. Mutoto angali anakunywa dawa yake.»

Profesa akacheka, lakini akaweka jembe chini. Baba yako akapona. Kama ni muzizi ao ni kufukia lile shimo, mutajua ninyi ba laboratoire.

Mimi siamini. Lakini kila mwaka, mvua ikikatika, ninapeleka bidon ya maji kwa ule mubanga. Ule muti ulinipita urefu zamani, na sasa magoti yangu imechoka.

Ukija likizo, utanibebea bidon?

Nkambo yako