Mrija Ambao Sikuzaliwa Nao

Marani, Kisii
11 Agosti 1974

Mpendwa Babu Ogari,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kitale? Je, goti limepoa? Sisi tu wazima wa mwili, ingawa upepo umeangusha migomba ya nyuma ya nyumba. Nami nimechoka, Babu, nimechoka kweli.

Unajua mimi na Bonareri tuna miaka saba bila mtoto. Amekunywa kila mzizi aliochemshiwa na Mama. Kanisani ameombewa mpaka siku hizi anakaa karibu na mlango. Basi mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kupimwa, kwa siri.

Daktari alinipapasa, akapima, kisha akasema ile mirija inayopitisha mbegu za mwanamume sinayo, pande zote mbili. Sikuugua wala sikurogwa. Nguvu za kiume ninazo, ila mbegu hazina njia, na dawa hakuna. Ndivyo nilivyozaliwa.

Bonareri nilimwambia. Alicheka kidogo, akalia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Shida ni Baba. Amekwisha kutenga ng'ombe wa kunioza msichana wa Magwagwa, na Bonareri ameambiwa arudi kwao mwezi ujao. Huyo mgeni naye ataitwa tasa. Lakini chinsoni yetu, ile miiko ya heshima, unaijua: mtoto hataji mambo ya chumbani mbele ya babaye. Mara tatu nimefungua kinywa, na mara tatu nimejikuta nauliza habari za majani chai. Kwako wewe tu, mjukuu kwa babu, ndipo ulimi unafunguka.

Daktari aliuliza kama ukoo wetu una mwanamume mwingine aliyekosa mtoto, maana jambo hili huenda likafuata damu. Nilikufikiria wewe. Babu mzaa Baba alijaza boma. Wewe nduguye ulimrudisha mkeo Gesare kwao, kisha Nyanchera, ukahamia huko peke yako. Nisamehe, Babu. Hakuna aliyejua, lakini huenda wale bibi hawakuwa na kosa.

Huna haja ya kutaja la aibu. Njoo kabla mwezi haujaisha, umwambie Baba maneno manne tu: "Makori ni kama mimi." Ataelewa, na ng'ombe watabaki zizini.

Nisalimie jirani yako Thadeus na mama watoto wake, Drusilla. Bonareri, yule unayemwita mke wako, anakufumia sweta.

Mungu akusafirishe salama. Na ukiona maneno hayo ni mazito, Babu, kumbuka Gesare na Nyanchera hawakupata wa kuwasemea.

Mjukuu wako akutegemeaye,
Makori