Ndizi za Bwana Shauri

Jumatatu, 3 Machi 1947
Nimeamka na kikohozi. Damu hakuna leo. Kufika kwenye migomba nimepumzika mara nne. Huko Burma, jeshini, nilipasua miamba kwa baruti miaka miwili nikimeza vumbi lake. Daktari wa Bukoba anasema kifua changu kimeharibiwa na moshi wa nyumbani. Mpumbavu. Kwa neno hilo wamenikatalia malipo ya ulemavu. Nimekata rufaa.

Alhamisi, 6 Machi
Boma, Bukoba. Karani kaniweka juani tangu asubuhi, halafu: "Mzee, hata mama yangu anakohoa." Nina miaka thelathini na miwili. Mzee! Namchukia. Ila Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja mwenyewe kijijini kwetu Ijumbi kuona ninavyoishi. Asipoona moshi, nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Pumzi ya kuimba sina, na huruma yao siitaki. Nimemwambia mke wangu Koku afagie, atandike nyasi mpya, Mzungu anakuja Jumatano. Kasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, niachie mimi."

Jumatano, 12 Machi
Hasira.
Koku kainjika ndizi na nyama tangu alfajiri, humo humo ndani, maana mvua ilikuwa inanyesha. Kuni mbichi. Moshi hadi paani. Bwana Shauri kainama mlangoni, kapewa buni za kahawa za kutafuna kama mgeni, kakohoa mpaka machozi. Akatoa daftari. Akaandika, akaandika. Na chakula akala, tena akaongezwa!
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona kweli.
Alipoondoka nilimfokea Koku kama kuruta. Nilimwita adui wangu. Akajibu, "Mgeni aondoke na njaa? Kwangu mimi?"
Jumapili nilimwambia afagie tu. Habari ya moto sikuitaja. Mjinga ni mimi, lakini hilo sikumwambia.

Ijumaa, 28 Machi
Barua. Rufaa imekataliwa. Ugonjwa umetokana na moshi wa nyumba ya mwombaji, afisa ameshuhudia kwa macho yake. Baruti haikutajwa popote. Walaaniwe wote, na karani wao.

Jumapili, 30 Machi
Mvua imekatika. Tangu nilipomfokea, Koku anapikia nje, chini ya migomba, hata ikinyesha. Halalamiki.
Leo kaniletea chakula, kakaa karibu. Kauliza kama barua imekuja. Nikasema bado. Kauliza kama Bwana Shauri alizipenda zile ndizi.
Nimesema alizisifu njia nzima. Amefurahi, akaniongeza nyingine.